Simu moja, watoto 68: namna tunavyosoma darasa la pili huku Kadutu

Madamu wa Kadutu (mleta uzi)

Ndugu zangu walimu na wazazi, jambo kwenu wote.

Niko Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), komini ya Kadutu, nafundisha darasa la pili la msingi. Nina watoto 68 kwenye madawati 17, wanne wanne. Kabla ya elimu ya bure kuanza Septemba 2019 sikuwahi kuvuka 45. Sisemi watoto wasije. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilishasema shule ya msingi ya serikali ni bure, na sisi tuliokuwa tunawarudisha watoto nyumbani kwa sababu ya minervali, yaani karo, tunajua ilivyokuwa ikiuma. Kinachonikosesha usingizi ni hesabu. Somo la kusoma ni nusu saa. Gawa dakika 30 kwa watoto 68: kila mmoja anapata sekunde 26 za kusoma mbele yangu, na hapo sijafuta ubao, sijaamua wanaogombania kalamu, sijangoja mvua ipungue juu ya mabati.

Kwa hiyo tulikuwa tunasoma wote pamoja, sauti moja, kama kwaya. Mpita njia angesema hawa wanajua. Ukimsimamisha mmoja peke yake, unaona kumbe alikuwa anafuata midomo ya wenzake.

Nilichofanya ni hiki. Nina simu ya kawaida, kioo kimepasuka pembeni. Kila siku, darasa likiwa kwenye mwandiko, watoto 14 wanatoka wawili wawili barazani, chini ya dirisha langu ambapo ninawaona. Mmoja anashika simu, mwenzake anataja jina lake, anataja ukurasa, anasoma dakika moja. Halafu wanabadilishana. Jioni nikishamaliza kupika, naketi na daftari, nasikiliza wale 14. Jumatatu hadi Ijumaa nimewasikia wote 68, kila mmoja dakika nzima, bila kelele za darasa.

Wiki ya pili nilipata aibu ambayo bado ninayo. Kuna msichana anayekaa dawati la mwisho. Darasani sauti yake haifiki hata kwa jirani yake. Miezi mitatu nilimwandikia 3 kwa 10 ya kusoma kwenye buletini, ile ripoti ya alama. Usiku ule naweka simu sikioni, nasikia mtoto anasoma ukurasa mzima wa mama anayepika sombe (kisamvu), hajikwai, na penye alama ya kuuliza anapandisha sauti, jambo ambalo hata wale ninaowaita mbele inspekta akija hawalifanyi. Nikairudia mara tatu. Mtoto alikuwa anajua kusoma tangu zamani, ni mimi sikuwa namsikia. Asubuhi nikamwita, nikamsikilizisha. Akaikodolea macho simu, akaniuliza, "Madamu, ni mimi ule?" Nikambadilishia alama palepale, mbele yake.

Wa pili ni mvulana ambaye kila penye "maji" alisoma "mayi", penye "watoto" akasoma "batoto", penye "vitabu" akasoma "bitabu". Zamani ningemkata alama. Nikimsikiliza usiku kwa utulivu nikaelewa kwamba huyu anasoma kweli. Mtoto asiyejua kusoma anatazama picha anabahatisha, au anakariri ukurasa. Huyu analiona neno, analielewa, kisha analitoa katika Kiswahili cha kwao Cimpunda. Hilo si kosa la kusoma. Kiswahili bora kina somo lake, na ninamfundisha, lakini alama za kusoma nimempa zote.

Naandika haya kwa sababu tukitamka neno teknolojia shuleni, mawazo ya watu yanakimbilia video na tablete. Mimi naona kwa darasa dogo, darasa la kwanza na la pili, sauti itangulie picha. Na anayetumia chombo awe mtoto, asikae tu kutazama. Wenzangu mnafanyaje?

Baba wa Bagira

Madamu, asante, lakini habari ya teknolojia shuleni mimi inaniuma. Shule wanaposoma watoto wangu ililetewa tablete, sanduku zima. Wazazi tuliitwa, tukapigwa picha. Tangu siku ile zikafungiwa kabatini kwa kuogopa wezi, kufuli mbili. Walipokuja kufungua mwaka uliofuata, nyingi zimevimba mgongo, nyingine zinadai neno la siri, na aliyelijua ameshahama. Masomo yaliyomo ni Kifaransa kitupu, wadogo wanabonyeza rangi tu. Na mama watoto wangu alikuwa amechanga pesa ya mlinzi.

Sasa nakuuliza wewe: simu yako nani anaichaji, na mega za intaneti nani anazinunua? Isije ikawa sisi tena.

Madamu wa Kadutu

Baba wa Bagira, pole sana. Umeuliza mahali penyewe.

Kwa kurekodi, mega hakuna hata moja. Asubuhi nikifika naiweka simu hali ya ndege, haipigwi, haipigi. Rekodi zinakaa kwenye kadi ya memori. Chaji ni yangu. Mtaani kwetu kuran, yaani umeme, inakuja usiku, siku nyingine haiji, na hapo naipeleka kwa kijana mwenye sahani za jua anayechajia watu simu, nalipa kama wengine. Mchana simu inakaa imezimwa isipokuwa zile dakika za barazani. Mzazi sijamwomba hata faranga moja.

Kuhusu kabati, nakuunga mkono, ila ngoja niwatetee kidogo waliofunga. Mwalimu akiambiwa kwamba tablete ikipotea itakatwa kwenye mshahara wake, hataigusa, na mimi pia nisingeigusa. Mshahara wenyewe unajulikana. Chombo kinachokuja bila mtu kusema waziwazi kikivunjika itakuwaje, kimekwenda kabatini hata kabla hakijatoka kwenye sanduku. Wanaoleta vyombo wangeanza na swali hilo, kisha swali la lugha, ndipo wahesabu tablete ngapi.

Fundi wa Nyawera

Natengeneza simu, niseme yale ninayoyajua.

Baba wa Bagira, tablete zenu zilivimba kwa sababu ziliwekwa zikiwa zimeisha chaji kabisa, na kabati lina joto. Betri ya lithiamu ikikaa miezi mingi bila kitu inaharibika ndani. Ukitaka kuihifadhi, iache karibu nusu, kila miezi miwili mitatu uitoe uichaji kidogo. Zilizovimba msizichaji tena, wala mtoto asizichezee. Zinaweza kuwaka moto.

Madamu, kwa kazi yako huhitaji simu nzuri. Kuna simu zinaletwa kwangu kioo kimekufa nusu, mwenye nayo hazitaki tena, lakini maikrofoni na kitufe cha kurekodi ni vizima. Hizo ni za bei ndogo sana. Dakika moja ya sauti ni kama megabaiti moja, kwa hiyo watoto wako 68 kwa wiki ni megabaiti 68, na kadi ya gigabaiti 8 inakutosha mwaka wote wa masomo na nafasi inabaki. Ila ijaribu kadi kabla hujailipia. Ziko kadi sokoni zimeandikwa 64 na ndani hazifiki hata 8. Unajaza, halafu rekodi za zamani zinafutika bila kukuambia.

Jingine. Kuna programu inaitwa Kolibri, imetengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Unaipakia kwenye kompyuta ndogo, hata ile ya Raspberry Pi inayotosha kiganjani, pamoja na masomo na hadithi. Kompyuta ile inatoa Wi-Fi yake yenyewe, simu zilizo karibu zinafungua masomo bila mega. Humo utapata masomo ya hesabu ya Khan Academy kwa Kifaransa, na hadithi za African Storybook, nyingine za Kiswahili. Kazi ngumu ni kuyapakua mara ya kwanza mahali penye intaneti nzuri. Baada ya hapo chombo kinahitaji umeme mdogo tu, powerbank nzuri inakiendesha saa kadhaa.

Papa Direkta (mstaafu)

Wanangu, nimefundisha na kuongoza shule miaka 31, sehemu kubwa Ibanda. Sina chuki na simu, nina moja inanisaidia kuwaona wajukuu. Ila nawaonya. Peru walifanya hivi kwa ukubwa kabisa, walianza 2007 hivi, kompyuta kwa kila mtoto vijijini. Walipopima shule 319 baada ya miezi 15, matokeo yakatoka 2012: hesabu na lugha hazikusogea. Sweden, nchi tajiri, mwaka 2023 serikali yake ikaamua kurudisha pesa kwenye vitabu vya karatasi, kwa sababu waliona skrini zimezidi kwa watoto wadogo. Sisi mtoto wetu hajapata kitabu chake cha kwanza bado. Wanasoma kitabu kimoja watoto wanne. Mnamkimbiza wapi?

Na mwandiko? Mtoto akizoea kusema kwenye simu, mkono utajua lini kushika kalamu?

Madamu wa Kadutu

Papa Direkta, shikamoo, na asante kwa kuja kwenye uzi huu. Haya ya Peru na Sweden ni kweli, na ndiyo sababu sijawaomba wazazi wala direkta wangu tablete. Kitabu kwanza. Mtu akiniuliza leo anisaidie nini, nitamjibu vitabu 68, kila mtoto aende na chake nyumbani. Simu yangu haisomeshi mtu bila ule ukurasa mbele ya macho ya mtoto.

Mwandiko haujaguswa, Papa. Wanarekodi wakati wa mwandiko, wawili tu wakiwa nje, wakirudi wanashika kalamu zao kama wengine.

Ila naomba niweke pembeni ya Peru habari ya Tanga, kwa sababu nayo ilikuwa ya miezi 15. Tanzania, kwenye vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, watoto kama 2,700 walipewa tablete kati ya 2017 na 2019, na kijijini paliwekwa mahali pa kuchaji kwa jua. Ilikuwa shindano la XPRIZE, la programu za tablete za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika watoto hao, 74 kwa mia hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya 90 kwa mia hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, wasioweza kusoma neno walikuwa wamepungua nusu. Mei 2019 washindi wakawa wawili, onebillion na Kitkit School, na programu zao ziliachwa wazi, anayetaka anachukua.

Nimekaa na habari hizi mbili muda mrefu. Peru mtoto alipewa kompyuta na kuachiwa. Tanga mtoto alipewa kitu kilichopangwa hatua kwa hatua, sauti ya herufi, silabi, neno, sentensi, na kwa Kiswahili, lugha anayoisikia. Kwangu tofauti iko hapo. Hata hivyo Tanga ilikuwa kwa watoto wasio na shule kabisa. Sisi tuna shule na walimu. Kinachotukosa ni muda wa kumsikia mtoto mmoja mmoja, na huo muda simu inaurudisha.

Sheria yetu ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaturuhusu kufundisha darasa dogo kwa lugha ya taifa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Lakini nimeona shule mtoto wa miaka sita anaimbishwa Kifaransa asichokielewa, na mzazi anafurahi. Mtoto akishajua kusoma kwa lugha yake, Kifaransa kinamkuta tayari anajua kazi ya herufi.

Mama wa sokoni

Hii naandikiwa na binti yangu maana mimi naandika polepole. Mtoto wangu wa mwisho yuko kwa Madamu huyu. Nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Ijumaa moja Madamu alinitumia sauti kwa WhatsApp, nikafikiri ni habari mbaya, nikaogopa kuifungua. Nikafungua. Ni mtoto wangu anasoma. Wamama wa jirani kwenye meza wakasema rudia, nikarudia. Mimi sikumaliza masomo, siwezi kujua kama amesoma yote barabara, lakini nilisikia hajasita.

Tangu siku ile jioni namwambia nisomee ile ya Ijumaa. Ananisomea nikiwa napika.

Swali langu: sauti ya mtoto inafika wapi?

Madamu wa Kadutu

Mama yangu, asante, umenitoa machozi.

Sauti ya mtoto inakwenda kwa namba ya mzazi wake peke yake, tena kwa mzazi aliyekubali. Sikuiweka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi hata mara moja, kwa sababu humo mtoto mmoja atalinganishwa na mwingine na mzazi mmoja atarudi nyumbani na fimbo. Picha za watoto siweki Facebook, na ninawaomba walimu wenzangu muache kabisa kuweka sura za watoto na jina la shule pamoja. Mwaka wa masomo ukiisha ninafuta zote. Ninabakiza mbili tu kwa kila mtoto, ya kwanza na ya mwisho, na hizo nampa mzazi kwenye kadi yake akitaka.

Mwalimu wa Katuba

Salamu kutoka Lubumbashi. Niko darasa la tatu, watoto 74.

Mimi nilianza na video na nataka niseme namna ilivyoshindikana. Nilipakua video ya mmea unavyoota, nzuri, rangi, muziki. Nikaomba projekta kwa siku moja. Watoto walikaa kimya kabisa, nikafurahi nikasema leo nimefundisha. Kesho yake nikauliza kitu gani kinatoka kwanza kwenye mbegu, mzizi au jani. Karibu wote wakasema jani. Walikuwa wameangalia muziki.

Kuhusu redio, wengine mnaisahau. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalipitia redioni na wengi wetu tulikuwa na ile tu. Na kuna namna ya kufundisha kwa redio ambayo mtangazaji anauliza, ananyamaza, watoto wanajibu, anaendelea. Ilianzia Nicaragua 1974 kwa somo la hesabu, na hata hapa kwetu Kongo imetumika. Ukimya ule wa sekunde chache ndio siri yake. Video yangu haikuwa na ukimya.

Madamu, kwa sayansi ungefanyaje?

Madamu wa Kadutu

Mwalimu wa Katuba, umesema neno: ukimya. Nimeliandika kwenye fishi zangu za kuandalia masomo.

Mwenzangu wa darasa la tatu hapa shuleni alifanya hivi. Alichukua gilasi, pamba, na maharagwe matano, akayaweka dirishani. Kila asubuhi saa mbili, mtoto mmoja wa zamu anapiga picha moja, mahali palepale, simu ikiwa imeegemea tofali lililowekewa alama ya chaki ili lisisogee. Siku ya tatu walikuwa wanabishana kama lile doa jeupe ni mzizi au pamba. Mwalimu hakusema. Akawaambia kesho tutapiga tena. Kesho yake doa lilikuwa limeinama kuelekea chini. Baada ya siku 12 alizipanga zile picha 12, akazipitisha haraka haraka kwa kidole, na harage likaota mbele ya macho yao ndani ya sekunde chache. Hakuna muziki. Lakini ni harage lao, na picha ya siku ya tano ilikuwa imetikisika, na kila mtoto anamjua aliyeitikisa. Ukiwauliza leo nini kinatoka kwanza, hawakusemei jani.

Ninavyofikiri, picha inamfundisha mtoto aliyekuwa akiingoja. Ukimletea bila swali, anaipenda tu, inapita.

Ya darasa la nne pia niieleze kwa sababu nilikuwepo. Mwalimu wao alipakua picha ya Bukavu kutoka angani, ile inayopigwa na satelaiti. Ijumaa moja tukaazima projekta ya parokia na kuran ikatuheshimu saa moja nzima. Tukaziba madirisha kwa vitenge, tukatundika shuka jeupe. Watoto wanajua mji wetu umekaa kwenye rasi tano, wameambiwa tangu wadogo kwamba ni mkono umeingia majini, lakini kuambiwa na kuona si sawa. Mvulana mmoja akaenda mbele bila ruhusa, akaweka kiganja chake juu ya shuka, vidole vitano, akajaribu kuvilinganisha. Wote wakainuka kutaka kujaribu. Mwalimu akawaacha. Kila mmoja akaweka mkono wake, mmoja mmoja, dakika nyingi, na mimi nyuma nikawa nahesabu umeme utakatika saa ngapi.

Kisha akauliza: maji ya mto Ruzizi yanaingia Ziwa Kivu au yanatoka humo? Darasa likagawanyika katikati. Watoto hawa wamezaliwa kilomita chache kutoka mto ule, bwawa la Ruzizi ya kwanza liko pale tangu 1958, na nusu yao waliamini mto unaleta maji Kivu. Mwalimu akasogeza picha taratibu kuelekea kusini, wakaufuata mto kwa macho mpaka Ziwa Tanganyika. Wengine hawakukubali mpaka alipowaambia kwamba Kivu iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Tanganyika haifiki mita 800, na maji hayapandi. Mmoja akauliza, je, zamani pia yalitoka huku? Hapo mwalimu akapata mlango wa kueleza kwamba zamani sana maji ya Kivu yalitokea kaskazini, mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia. Somo lile lilipangwa dakika 30 likachukua asubuhi yote, na direkta alipopita akasimama mlangoni, akasikiliza, akaondoka bila kusema kitu.

Papa Direkta (mstaafu)

Mwanangu, huyo direkta alifanya vizuri. Zamani mimi ningeingia nikauliza jurnali ya darasa inasema saa hii ni somo gani.

Harage nalikubali. Nilifundisha harage miaka yote bila simu, na kila mwaka mtoto alinijia akasema harage langu limeoza, sikuona lilivyoota. Picha ya kila siku ingenisaidia.

Ila nauliza tena: usiku unasikiliza watoto 14, unaandika maksi, unapika. Mwenye watoto wanyonyao atafanyaje? Msije mkawaongezea walimu wa kike mzigo mkaita ni maendeleo.

Madamu wa Kadutu

Papa, hilo sina jibu lake zuri. Mimi wangu wamekua. Mwenzangu mwenye mtoto mchanga anasikiliza saba kwa siku, kwa hiyo anamaliza darasa kwa wiki mbili, na anasikiliza akiwa ananyonyesha. Mwingine alijaribu akaacha, na simlaumu. Nilichopunguza mimi ni madaftari: siku ya kusikiliza sisahihishi daftari la kusoma. Sauti imechukua nafasi yake, haikuongezwa juu yake. Inspekta aliuliza alama zimetoka wapi, nikamfungulia rekodi mbili, akasikiliza ya Septemba na ya Januari ya mtoto yuleyule, akatia sahihi.

Mwalimu wa Katuba

Nimerudi baada ya wiki mbili. Nimejaribu na watoto kumi tu, wale niliowaona dhaifu. Saba ni dhaifu kweli. Watatu wanasoma. Mmoja wao nilikuwa nimeshamwandikia arudie mwaka.

Nimebadilisha maandishi yangu kwenye daftari la maksi, na kesho namwita baba yake.

Shida moja: huku kwetu upepo wa kiangazi na vumbi, rekodi zinavuma vuu, vuu, sisikii silabi. Na watoto wanaishika simu karibu na mdomo kama wanataka kuila.

Madamu wa Kadutu

Mwalimu, Mungu akubariki kwa huyo mmoja.

Upepo: chukua kipande cha sifongo cha godoro, kama kidole gumba, ukibandike kwa kipande cha plasta kwenye kile kitundu cha maikrofoni. Ukikosa, soksi ya mtoto ivalishe simu upande wa chini. Wasikae kwenye kona ya jengo, upepo unazunguka pale. Wakae mgongo ukutani, uso ukielekea uani. Na umbali: anayeshika simu aweke kiwiko chake juu ya goti lake, simu iwe usawa wa kidevu cha msomaji, shibiri moja kutoka mdomoni. Mimi nilichora shibiri ile kwa chaki kwenye benchi la baraza, wanapima wenyewe kabla ya kubonyeza.

Fundi wa Nyawera, zile simu za kioo kilichokufa, niwekee mbili. Nitapita Jumamosi baada ya soko.